Mdoli Hawezi Kukuuliza Swali

Wasee, mshaona MamaNatalie? Ni tumbo la bandia la kampuni ya Laerdal, Norway. Mkufunzi analivaa mbele kama aproni, "anazaa" mtoto wa plastiki, anaachilia damu feki, na mwanafunzi wa unesi lazima akande tumbo hadi damu ikome. Mimi niliacha chuo, lakini hilo darasa ningekaa.

Raha yake ni mkufunzi anaweza kupiga nduru na kuuliza, "Sista, mtoto ako sawa?" Mdoli wa kulazwa mezani atauliza nini? Utafiti wa Heshima hapa Kenya ulipata kama mama 1 kati ya 5 alikosewa heshima akijifungua. Basi vyuo vilipe akina mama wa Kibera na Kawangware wavae hilo tumbo. Wanajua vile mtu huogopa kuuliza mara ya pili.