Yazimika, Yajizima au Yazimwa?

Wahenga walinena kuwa usilolijua ni kama usiku wa giza. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, nikaifundisha shuleni kwa miaka miwili kabla ya kujiunga na masomo ya uzamili, na hata hivyo sikuielewa barabara hadi usiku mmoja wa Februari 2023, tarakilishi ya nyumbani kwetu ilipozimika ghafla mbele ya macho yangu, nikabaki nikikitazama kioo cheusi. Insha hii fupi yahusu tarakilishi hiyo, ndugu yangu mdogo niliyemdhulumu kwa ajili yake, na swali moja la sarufi nililoulizwa na fundi ambaye hakusomea isimu.

Kwetu ni Biashara Street, kisiwani Mombasa. Anayekuja mjini kutafuta leso huelekezwa huku. Maduka yamepangana pande zote mbili za njia, leso zimetundikwa kutoka juu hadi chini, na miongoni mwazo ni zile zenye chapa ya K.H.E. na maneno “Mali ya Abdulla”, ambazo mtafiti yeyote wa fasihi ya leso hawezi kukosa kuzijua. Leso huuzwa kwa jozi, ikiwa bado haijakatwa wala kupindwa, na kwa hivyo hawakosekani karibu na maduka mafundi wa cherehani wa kuipinda. Mama yetu ni mmoja wao, ila yeye hushonea nyumbani, ghorofa ya pili juu ya duka, katika chumba kile kile iliko tarakilishi. Naomba msomaji alihifadhi jambo hili, kwani tutalirejea.

Tarakilishi yenyewe ni ya mdogo wangu. Aliinunua kipande kipande kwa muda wa miaka miwili, akaiunda kwa mikono yake, hasa kwa ajili ya michezo ya mashindano ya magari na kandanda. Lakini haikuwa ya mchezo tu. Kwayo alihariri video za harusi, na ujira wake ulisaidia kulipa kodi ya nyumba. Usiku, yeye akilala, mimi niliitumia kuandika tasnifu yangu kuhusu ujumbe wa leso. Humo nilikuwa nimehifadhi rekodi za sauti za wanawake 14 niliowahoji, baadhi yao wakiwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Nakala nyingine sikuwa nayo. Nakiri uzembe huo mapema ili msomaji asije akanihukumu kwa kuuficha.

Tatizo lilianza Januari. Mdogo wangu angecheza kwa dakika kumi, kisha tarakilishi ingekatika bila onyo: hakuna ujumbe, hakuna mlio, feni zote kimya. Baadaye ikawa hivyo hivyo alipokuwa akitoa video iliyokamilika. Mimi niliyekuwa nikichapa maneno tu sikupatwa na lolote, na kwa hivyo niliamini kuwa kosa limo katika michezo. Usiku ule wa Februari aliiacha ikitoa video ya harusi huku mimi nikiandika. Ilipozimika, kurasa sita za sura yangu ya tatu zilikwenda nayo.

Asubuhi nilimkabili mbele ya wazazi. “Umeiharibu kwa michezo yako ya kitoto,” nikamwambia. Baba, ambaye hakuwahi kuipenda michezo hiyo, akaapa kuwa mashine itauzwa. Mdogo wangu alijibu sentensi moja tu: “Dada, mimi sijafanya kitu.” Kisha akanyamaza. Alinyamaza siku nne, na wateja wake wa harusi wakawa wanapiga simu asizipokee.

Siku ya tano nikaenda kwa fundi mmoja mwenye kibanda kidogo si mbali na kwetu, mzee wa makamo ambaye tangu enzi za redio za kaseti ametengeneza kila chenye waya. Baada ya maamkizi nikamwambia, “Fundi, tarakilishi yetu imezimika.”

“Kompyuta?” akauliza kwa tabasamu.

“Naam, kompyuta.”

“Haya, mwalimu. Yazimika, yajizima au yazimwa?”

Nilicheka nikidhani ananifanyia mzaha kwa sababu ajua nasoma Kiswahili. La hasha! Alikuwa akisubiri jibu. Aliponiona nimeduwaa akanieleza, na maelezo yake nayaweka hapa kwa lugha ya darasani, ingawa yeye hakuihitaji.

Ikiwa yazimwa, basi yuko mtenda nje ya mashine: umeme wa nyumba umekatika au umeshuka, au mtu amekanyaga waya. Ikiwa yazimika, hakuna anayeizima. Iko hali tu, udhaifu ndani yake: waya uliolegea, kiungo kilicholiwa na kutu ya hewa yetu ya chumvi. Mashine ya namna hiyo haichagui wakati. Hukatika ikifanya kazi na hukatika ikiwa imekaa bure. Lakini ikiwa yajizima, mtenda na mtendwa ni mmoja. Mashine imehisi hatari, nayo imejikata ili isiungue. Hiyo huchagua wakati, na wakati wake ni ule wa mzigo mzito.

Ndugu msomaji, mnyambuliko wa vitenzi nimeusoma, nikaufundisha na kuutungia maswali ya mtihani. Kauli ya kutendwa, kauli ya kutendeka na kirejeshi “ji” nilivijua kama vyumba vya jedwali. Sikuwahi kuona vikitumiwa kama bisibisi.

Tukaanza kuondoa jibu moja baada ya jingine. Je, ilizimwa? Hapana, kwani kila ilipokatika, taa na pangaboi ziliendelea. Je, ilizimika? Hapana, kwani nilikuwa nikichapa usiku kucha bila ya tatizo. Mfumo wenyewe, tulipoufungulia kumbukumbu zake, ulikuwa umeandika mara nyingi tukio nambari 41, lenye maana kuwa mashine iliwaka upya bila ya kufungwa ipasavyo kwanza. Huo ni ushahidi wa aliyeiona maiti asimwone muuaji. Basi likabaki jibu la tatu: yajizima. Nalo lilizaa swali jingine. Yaogopa nini?

Hofu ya kwanza ni joto. Prosesa na kadi ya michoro hupata joto kali zinapofanya kazi nzito, na joto likipita kiasi mashine hupunguza kasi, kisha hujizima. Fundi alifungua kifuniko, nasi tukastaajabu. Feni zilikuwa zimevaa shuka! Nyuzi za pamba kutoka kwa cherehani ya Mama, pindo baada ya pindo, zilikuwa zimejikusanya zikaziba njia ya hewa. Tulizitoa kwa brashi, akapaka upya ile pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa, na joto lililokuwa likifika nyuzi 94 likashuka hadi 71. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha, tayari hata na kichekesho cha kumwambia Mama. Usiku huo mdogo wangu akajaribu mchezo mbele yangu bila ya kusema neno. Dakika ya kumi na mbili, giza.

Kesho yake fundi hakushangaa. “Tuliona uchafu, tukadhani tumeona ugonjwa,” akasema. Safari hii akaamua kubebesha mashine mizigo kwa zamu. Prosesa peke yake kwa nusu saa: salama. Kadi ya michoro peke yake kwa nusu saa: salama. Zote mbili kwa pamoja: haikupita dakika mbili, ikajizima, na joto lilikuwa nyuzi 66 tu. Tena ilikataa kuwaka hadi tulipochomoa waya wa umeme, tukangoja kidogo, tukauchomeka tena. Hapo akatikisa kichwa. Kilichojizima hakikuwa prosesa. Kilikuwa pawasaplai, kile kisanduku kinachoupokea umeme wa ukutani wa volti 240 na kuugeuza uwe wa volti ndogo.

Ubavuni mwa kisanduku hicho paliandikwa 500 kwa tarakimu kubwa. Fundi akanionyesha jedwali la herufi ndogo chini yake. Njia ya volti 12, ambayo ndiyo inayolisha prosesa na kadi, ilikuwa na ampea 20. Mara 12 kwa 20 ni wati 240, wala si 500. Kadi iliandikiwa wati 150 na prosesa wati 65. Ukiongeza feni na diski, umefika ukingoni. Isitoshe, kadi ya namna hiyo huruka ghafla kwa sehemu ndogo ya sekunde ikavuta umeme kupita kiwango chake. Mdogo wangu alikuwa ameinunua kadi hiyo Desemba, mitumba, badala ya ndogo ya awali. Hakuharibu kitu. Alikuwa ametuma mzigo wa gari kwa mkokoteni, na mkokoteni ulikuwa na lebo ya gari.

Fundi akatuazima pawasaplai nyingine kwa majaribio. Mizigo yote miwili ikaenda saa mbili bila ya kukatika. Nikanunua iliyo nzuri kwa fedha zangu za kuchapishia tasnifu, na kabla ya jambo jingine lolote, nikanakili rekodi zote 14 katika diski mbili, moja nikaiweka kwa shangazi.

Likabaki la ndugu yangu. Nilipokuwa nikirudi nyumbani na kisanduku mkononi nilikumbuka maneno yangu mwenyewe. Kwa fundi nilisema “imezimika”, kauli isiyomtaja mtenda, kwa kuwa nilikuwa sijui. Kwa mdogo wangu, na ujinga ukiwa ule ule, nilisema “umeiharibu”. Sarufi ilinipa njia ya kuungama kuwa sijui, nami nikaitumia kwa mgeni nikamnyima ndugu. Na ule unyamavu wake wa siku nne, niliouita kiburi, sasa niliusikia kwa kirejeshi chake. Alikuwa amejizima. Mzigo wa dada, baba na wateja ulimjia kwa pamoja.

Nilimwomba radhi mbele ya wazazi, palepale nilipomshtaki. Baba aliguna, akasema kuwa mashine haitauzwa. Mdogo wangu akachukua bisibisi, akanionyesha pa kushika, tukafunga pamoja.

Wanafunzi wenzangu, tuna desturi ya kwenda kwa wazee kutafuta methali na kwa washairi kutafuta vina. Twende na vibandani pia. Na Mama, kwa taarifa ya wasomaji, amehamishia cherehani yake karibu na dirisha.