Kazi Ikikubaliwa

Studio yetu ilikuwa Mombasa, juu ya duka la vitambaa, na kazi iliyotulisha ni harusi. Enzi ya filamu hatukuwa na wasiwasi wa picha kubadilika. Negativu ikishasafishwa na kukauka ilitiwa bahashani, bahasha ikafungiwa kabatini.

Kompyuta zilipoingia, Mzee mwenye studio alitusisitizia kuhusu JPEG: kila ukiirekebisha na kuihifadhi inabanwa upya, na ubora unaopotea haurudi. Basi sura tulizirekebisha kwenye leya za Photoshop, JPEG tukaitoa mwisho kabisa, ya kuchapa. Familia ikisharidhika, faili zilichomwa kwenye CD-R. Kilichochomwa humo hakibadilishwi tena, na nafsi zetu zilitulia.

Baadaye tukahamia programu za katalogi. Hizi haziigusi faili ya kamera. Huandika maagizo tu, mwanga upandishwe kiasi fulani, wekundu wa ngozi upunguzwe, kisha huyatekeleza kila picha inapofunguliwa. Nilizipenda, na bado nazipenda. Ila kinacholindwa humo ni picha mbichi. Jasho la fundi limo kwenye maagizo, nayo hubadilika kwa mguso mmoja wa kipanya.

Tuliliona hilo siku kijana mwenzetu alipopandisha mwanga wa picha moja ya ukumbini. Albamu nzima ilikuwa imechaguliwa, na chaguo la kupeleka badiliko kwa picha zote limewashwa. Picha za nikaha, alizokwisha kuzikubali mama wa bibi harusi, zikaungua kwa weupe; nakshi za gauni hazikuonekana tena. Alipogundua alikuwa ameshafanya mengine mengi juu yake. Historia ya kila picha ilikuwepo, lakini kwa picha moja moja, na hivyo ndivyo tulivyozirudisha, hadi usiku.

Mzee hakumgombeza. “Mwanangu,” alimwambia, “kazi ikikubaliwa, itoe humo.”

Ikawa desturi. Kila picha iliyokubaliwa iliwekewa alama ya hali yake ya mwisho ndani ya programu, kisha ikatolewa kama TIFF kwenye folda ya kusoma tu, na nakala nyingine ikakaa kwenye diski nyumbani kwa Mzee. Wenzangu wengine waliona TIFF zinakula nafasi bure, maana maagizo tunayo. Mimi nilikuwa upande wa Mzee. Programu ikija na toleo jipya la kuchakata picha, ukikubali kuhama, maagizo yaleyale huweza kutoa rangi tofauti kidogo; na familia hurudi miaka mingi baadaye kutaka picha ileile iliyo ukutani, pengine mmoja wa waliomo ameshafariki. Diski ilipojaa, Mzee alinunua nyingine.