Vitabu Viwili vya Gogo Moja

Mgeni akisimama Ngaramtoni na kuutazama Mlima Meru anaweza kudhani Arusha ina mbao za kumwaga. Kijani kile cha miteremko ya chini kwa sehemu kubwa ni misindano, misaiprasi na migrevilea ya kupandwa: mbao za kenchi na za kufungia zege. Mninga na mkongo, mbao ngumu za milango na vitanda vya harusi, hutujia kwa lori kutoka mbali, Tabora na Katavi.

Mimi ni mtunza stoo wa karakana ya samani hapa mjini. Lori likifika, dereva hunyoosha mkono na TP, ile hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Naipokea, naiweka mfukoni bila kuisoma. Kwanza napima ubao mmoja mmoja kwa tepu, natafuta alama ya nyundo ya misitu, naandika daftarini mwangu. Kisha ndipo naifungua hati. Mara nyingi zinalingana. Zisipolingana, mzigo ndio huwa mkubwa kuliko karatasi, na hapo hakuna anayepiga kelele, maana mnunuzi aliyezidishiwa halalamiki.

Ndiyo maana habari ya Tanzania na Msumbiji hainitoki kichwani. Miti ya kusini ni ileile pande zote mbili za mto Ruvuma: mninga, mkongo, mpingo. Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, malori yakapata njia ya moja kwa moja kutoka Kilwa na Lindi, magogo yakamiminika kuelekea China. Mwaka 2004 serikali ikapiga marufuku kuyasafirisha nje. Ripoti ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ilionyesha kwamba China ilikuwa imeandika mazao ya mbao kutoka Tanzania mara kumi ya yale tuliyoandika sisi kuwa tumeuza, na kwamba hadi asilimia 96 ya ushuru uliostahili haikukusanywa.

Msumbiji ilikwenda taratibu zaidi, ikafunga kabisa mlango wa magogo mwaka 2017. Kabla ya hapo shirika la EIA la London lilikuwa limelinganisha vitabu vya mwaka 2012. Msumbiji iliandika kuuza dunia nzima takriban mita za ujazo 260,000. China peke yake iliandika kupokea kama 450,000.

Tusiwacheke majirani. Ugonjwa ni mmoja, na wote wawili tuliusoma kwenye daftari la mpokeaji. Bandarini China hakukuwa na sababu ya kuficha. Gogo limefika, limepimwa, limeandikwa. Uongo ulikuwa upande wa mwenye mali, na mwenye mali ndiye aliyeibiwa. Kikoba chetu cha mtaani kimedumu kwa sababu hakitegemei daftari moja: mweka hazina tunamheshimu sana, lakini kila mwanachama ana kijitabu chake, na siku ya kugawana vyote vinafunguliwa mezani.

Kilwa walilifanyia kazi kijijini jambo hili la mwenye mali kushika kitabu chake. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi viliingia kwenye cheti cha FSC, cheti cha usimamizi mzuri wa misitu, na misitu yao ikawa ya kwanza ya asili ya vijiji barani Afrika kukipata. Mpingo huchukua miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kuvunwa, na gogo likichanwa kwa ajili ya zumari za Ulaya, chini ya sehemu moja ya kumi ndiyo inayofaa. Mti wa namna hiyo hauuzwi kwa kukadiria kwa macho. Sasa wanakijiji wanapima wenyewe, wanauza wenyewe, na kitabu kinabaki kwao.

Nawe msomaji, ukija Arusha kununua kitanda cha mninga, usiishie kusifia nakshi. Muulize fundi mbao imetoka wapi, umwambie akuonyeshe TP. Fundi mkweli hatakasirika.