Betri Mbili

Niliamini gari likigoma kuwaka asubuhi, mgonjwa ni betri. Imani hiyo ilinigharimu betri mbili, nyanya za mkopo na usiku mmoja katikati ya Hifadhi ya Mikumi.

Nina pikapu ya petroli ninayobebea nyanya kutoka Ilula kwenda Soko la Ilala, Dar es Salaam. Mwezi wa tatu tulianza kuisukuma kila asubuhi. Fundi mmoja akasema betri imekufa, nikanunua mpya. Ya zamani nikamuuzia mtu wa vyuma chakavu kwa kilo. Miezi miwili haikuisha, tukarudi kusukuma. Nikagombana na muuza betri mpaka akanibadilishia. Hakuna aliyeangalia kitu kingine, wala mimi sikuomba.

Na dalili zilikuwepo. Usiku, gari likiunguruma bila kwenda, taa zilififia kama koroboi inayoishiwa mafuta. Nikikanyaga moto, zinang'aa tena. Nikiwasha feni na waipa pamoja, redio inajizima. Kwenye dashibodi kitaa chekundu chenye picha ya betri kilikuwa kinanikonyeza, na kwa kuwa picha ni ya betri, nami nilisoma betri. Kumbe kinalalamika kwamba betri hailishwi. Anayeilisha ni altaneta, ile inayozungushwa na mkanda wa injini. Gari likishawaka, yeye ndiye anayebeba taa, plagi na pampu ya mafuta, na betri inajazwa humo humo. Kulikuwa pia na mlio, kama mashine ya kusaga inayozunguka bila mahindi. Huo nilikuwa naufunika kwa redio.

Usiku ule nilishuka Kitonga na matenga ishirini na mawili, mtaji wa mkopo wa VICOBA, marejesho Jumamosi. Nilipofika Ruaha Mbuyuni kitaa kikaacha kukonyeza, kikawaka moja kwa moja. Nikanywa chai, nikaendelea. Tangu pale gari lilikuwa linakula akiba ya betri, nami nimewasha taa kubwa, feni na redio juu yake! Nikapita mji wa Mikumi, nikaingia hifadhini. Taa zikawa njano, sindano za dashibodi zikalala, injini ikakohoa mara tatu. Giza.

Kwingine ningekata matawi niyatandaze barabarani kuwaonya wanaokuja nyuma. Pale nilishindwa hata kufungua mlango. Upande wa kulia kitu kizito kilikuwa kinavunja miti, na sikutaka kujua ni nini. Malori yalinipita yakilia honi, gari langu halina hata taa ya hatari. Nilisali kwa sauti, nikimwita Mungu na marehemu mama kwa zamu.

Aliyesimama ni dereva wa lori aliyetoka Tunduma. Alichomeka waya kwenye betri moja tu kati ya zake mbili, maana zikiungana zinatoa volti 24 na gari langu ni la 12. Likawaka. Akatoa waya, halikumaliza dakika, likazima.

"Dada, hapa usilaumu betri. Altaneta imekufa."

Akanivuta kwa mnyororo, utingo wake akining'inia dirishani kwangu na tochi, mpaka Morogoro.

Asubuhi fundi umeme alipachika mita kwenye betri, injini ikiwa inawaka kwa betri ya kuazima: volti 11.9, na zinashuka. Akaifungua altaneta. Kaboni zilikuwa zimelika hadi kubaki vipande kama punje za mchele, na beringi ndiyo iliyokuwa ikisaga. Akabadilisha vyote viwili, akawasha tena. 14.1. Akaniambia hapo katikati ya 13.5 na 14.5 ndipo nilipopaswa kuwa miezi yote ile.

Nyanya zilizoiva zaidi niliziuza palepale Morogoro kwa bei ya kutupa. Kikundi cha VICOBA kilinipa mwezi mmoja. Deni lilimalizika kwa mitatu, na mwenyekiti hakunisalimia vizuri katikati ya hapo.

Wakati nalipa, fundi aliipima ile betri yangu baada ya kuichaji. Ilikuwa nzima kabisa.

"Na ile ya kwanza, mama, uliipeleka wapi?"

Nikamwambia niliiuza kwa kilo. Akafuta mikono, akaangalia pembeni.