Kiungo Kisipokaa Sawasawa

Mjini Kakamega alikuwako kijana mpigaji wa saksofoni, ambaye sauti za chini zilimkataa kila alipozitafuta. Alidhani pumzi zake zimepungua, hata akaanza kufikiri kuiacha bendi. Siku moja fundi mzee aliilegeza parafujo, akaitikisa shingo ya ala ile. Ikacheza huku na huku kama jino bovu. "Kosa si la mapafu yako, mwanangu," akasema, "ni la kiungo."

Pembe ya paa ipigwayo pamoja na ngoma za isukuti ni kipande kimoja. Lakini saksofoni, ambayo Adolphe Sax aliiandikisha mjini Paris mwaka 1846 kuwa uvumbuzi wake, ina shingo ichomekwayo juu ya mwili na kufungwa kwa parafujo. Upenyo mwembamba kama unywele mahali pale huvujisha pumzi, na sauti za chini hudhoofika. Kijana alikuwa akiikaza parafujo kwa nguvu zake zote. Kumbe kukaza mno huipinda shaba na kuzidisha ubovu.

Fundi alifuta uchafu, akaitanua ncha ya shingo kutoka ndani, kidogo kidogo, akiipima kila mara, mpaka ikazunguka kwa ulaini bila kutikisika. Jumapili iliyofuata sauti za chini zilitoka bila kulazimishwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi ni vema mtu akichunguze chombo chake kwanza, kabla ya kuilaumu nafsi yake.