Kadi Iliyosemwa Imekufa

Kadi ya picha ya kompyuta ikipata ugonjwa, watu wote hugeuka waganga. Mmoja atasema ni virusi, wa pili atasema ni joto, wa tatu atasema jirani ana kijicho, na fundi atasema imekufa, nunua nyingine. Niliyaona hayo yote Januari mwaka huu katika chumba cha michezo cha mjomba wangu mjini Fort Portal. Kwa kuwa wanafunzi wengi wa shule yetu wapenda michezo ya kompyuta (na baadhi ya walimu pia, ingawa sitawataja), naona yafaa nieleze jinsi ugonjwa ule ulivyotafutwa.

Kwanza ijulikane kazi ya kadi hiyo. Kioo cha kawaida cha siku hizi kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600. Mchezo ukienda vizuri, picha hubadilika mara 60 katika sekunde moja. Mwenye kalamu na azidishe. Atapata nukta zaidi ya milioni 124 za kupakwa rangi kila sekunde, na kila moja sharti ijulikane kama iko juani au kivulini. Ubongo mkuu wa kompyuta hauiwezi kazi hiyo kwa upesi unaotakiwa, ndiyo sababu hupewa msaidizi mwenye kumbukumbu yake na feni zake. Msaidizi huyo akikaa bure hula umeme kidogo tu. Mchezo ukianza, kadi kama ile ya mjomba hula wati 150 hivi, sawa na balbu mbili na nusu za zamani za wati 60. Jambo hili la umeme tafadhali mlikumbuke.

Chumba cha mjomba kina kompyuta tano. Nne ni za kuandikia barua na kupiga chapa, nazo huleta pesa ya chumvi. Ya tano ndiyo ya michezo, na vijana huipangia foleni tangu saa nne asubuhi mpaka usiku. Ada yangu ya kidato cha sita hutoka katika foleni hiyo. Basi mashine ilipoanza kugoma, majuma mawili kabla ya shule kufunguliwa, nyumbani hapakuwa na utani.

Iligoma hivi. Vijana wakiwa katikati ya mchezo wa mpira, ghafula kioo chaingia giza, feni za kadi zavuma kama nyuki waliochokozwa, na sauti ya mtangazaji yaendelea kidogo gizani kama kwamba hana habari. Ukiizima na kuiwasha, yarudi nzima. Waweza kuandika barua mchana kutwa wala isitokee kitu. Anzisha mchezo, na baada ya dakika chache giza lile lile.

Fundi wa mjini aliitwa. Alitazama muda wa dakika kumi, akasema kadi imekufa. Alitoa njia mbili: kununua nyingine kwake, kwa bei iliyokaribia nusu ya ada yangu ya muhula, au yeye aichukue akaipike. Msicheke, kwani kupika kadi ni jambo linalofanywa kweli. Chini ya kijiwe cha kadi mna vitone vidogo sana vya lehemu vinavyokishikanisha na ubao wake. Kwa kupata moto na kupoa, kupata moto na kupoa, vitone hivyo huweza kupasuka. Mwaka 2008 kampuni ya Nvidia yenyewe ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya vijiwe vya kompyuta za mkononi vilivyokuwa na udhaifu wa namna hiyo. Ukiitia kadi katika joto kali, mara nyingine nyufa hukutana tena nayo huamka. Lakini huamka kwa siku au majuma machache tu, na joto hilo hilo laweza kuua vitu vingine vilivyokuwa vizima juu ya ubao. Mimi naona ni dawa ya maiti. Hapana haja ya kumpa mtu asiyejulikana bado kama amekufa.

Nikamwambia mjomba, “Mjomba, naomba siku tatu kabla hujatoa pesa.” Akanitazama kwa muda, kisha akasema, “Araali, siku tatu ni foleni tatu.” Lakini alikubali.

Jambo la kwanza lilikuwa kuuliza giza latokea wapi. Kama kadi yenyewe ina kumbukumbu mbovu, kwa kawaida utaona mistari ya rangi, au miraba midogo kama kitambaa cha kitenge, na mara nyingi utaiona hata katika maandishi ya kwanza kabisa, kabla Windows haijaamka. Ishara hiyo ni kubwa, kwa maana wakati ule draiva bado haijaanza kazi, kwa hiyo haiwezi kulaumiwa. Tuliwasha na kuzima mara nyingi tukitazama kioo. Maandishi yalikuwa safi kama karatasi. Tukabadili waya wa kioo, kisha tukaleta televisheni ya sebuleni badala ya kioo chenyewe. Giza lilikuja kwenye televisheni pia. Basi waya na kioo vikaachiliwa.

Pili, draiva. Hii ni programu inayoifundisha kompyuta kusema na kadi, nayo ikiharibika yaweza kuleta giza kama lile. Haitoshi kuweka mpya juu ya ile ya zamani. Tuliiwasha kompyuta katika hali ya usalama, tukaifuta draiva yote kwa programu iitwayo Display Driver Uninstaller, ndipo tukaweka nyingine iliyotoka kwa watengenezaji wa kijiwe. Asubuhi nzima ilikwisha katika kazi hiyo, kwa kuwa intaneti ilikuwa ya konokono. Mchana giza likarudi.

Tatu, joto. Tulifungua sanduku tukatoa vumbi la kutosha kufinyangia chungu. Tukaweka programu inayoonyesha joto la kadi pembeni mwa kioo, tukacheza tukilitazama. Giza lilipoingia hesabu ilisoma nyuzi 68. Kadi nyingi hufika nyuzi 80 na kupita, zikiendelea na kazi. Basi joto nalo likaachiliwa, na hapa ndipo wengi wa waganga wetu waliokuwa mlangoni walipoanza kwenda nyumbani.

Siku ya pili jioni nilifanya jaribio ambalo halikutugharimu hata shilingi. Katika mchezo mna mahali pa kuchagua idadi ya picha kwa sekunde. Nikaipunguza kutoka 60 mpaka 30. Tangu saa kumi na moja hadi saa tatu usiku vijana walicheza, mpira ukienda kwa kukwaruza kidogo, lakini giza halikuja. Nikairudisha 60, dakika sita, giza. Kadi ikifanya kazi nusu hula umeme pungufu. Kwa kuwa joto lilikwisha kuondolewa katika hesabu, yalibaki mawili tu: ama kadi yashindwa kubeba kazi nzima, ama haipewi chakula cha kutosha.

Kuyatenga mawili hayo kwahitaji kompyuta nyingine yenye nguvu, nasi hatukuwa nayo. Hapo nawashukuru wazee waliosoma shule hii. Mmoja wao, ambaye ana studio ya kutengeneza filamu za arusi, alitukubalia kuweka kadi yetu ndani ya mashine yake kwa usiku mmoja, akakaa nasi akisimulia habari za bweni la zamani. Kadi ilicheza saa nne mfululizo, picha 60 kwa sekunde, bila kukonyeza jicho. Mjomba hakusema neno. Alitoa leso akajifuta uso.

Asubuhi tukaufuata waya wa umeme wa kadi kwa mkono, inchi kwa inchi, toka mwisho hadi mwanzo. Ile kompyuta mwanzoni ilikuwa ya ofisi, na pawa saplai yake haina plagi ya kadi kubwa. Aliyeiuza alitia adapta: upande mmoja plagi ya pini nane ya kuingia katika kadi, upande wa pili plagi nyembamba ya SATA, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kulisha diski. Sasa wanafunzi wa fizikia na watoe kalamu. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja yaruhusiwa ampia 1.5. Jumla ni ampia 4.5, zidisha kwa volti 12, ni wati 54. Plagi ya pini nane huiahidi kadi wati 150. Tundu la ubao mkuu laweza kuongeza hadi wati 75, lakini hata hivyo kadi ilikuwa ikidai kwa ile plagi nyembamba zaidi ya inavyoweza kubeba. Tulipoivuta, plastiki yake ilikuwa ya kahawia kama mkate uliosahauliwa, na pini moja ilikuwa imelegea. Nikasikia harufu ya kuungua ambayo kwa siku zote tulidhani ni ya vumbi. Ingeendelea miezi michache, pengine tungeamshwa na moto.

Fundi yule sidhani ni mwizi. Watu hutaka jibu kabla ya chakula cha mchana, naye huwapa. Lakini kadi yetu ingepikwa ikiwa nzima, au mpya ingenunuliwa na kuchomekwa katika adapta ile ile.

Mjomba alinunua pawa saplai iliyotumika, ya wati 500, yenye plagi ya pini nane yake yenyewe, kwa pesa isiyofika robo ya bei ya kadi. Foleni ilirudi Ijumaa. Ada ililipwa siku ya kufungua shule, ikipungua kidogo, na iliyobaki ikaja mwezi wa Machi.

Ile adapta iliyoungua nimempa mwalimu wa fizikia, naye ameiweka katika kabati la maabara karibu na mizani. Wenye kompyuta zilizonunuliwa mkononi mwa mtu, waje waitazame, kisha wakifika nyumbani wafungue sanduku na kuufuata waya.