Dole Gumba la Mjukuu Wangu

Mimi ni fundi baiskeli. Kibanda changu kipo kando ya barabara hapa Chumbageni, mjini Tanga. Ninaziba pancha, ninanyoosha rimu na kufunga minyororo. Kuziba pancha moja ni shilingi 500. Kwa kazi hii ninakula mimi, mke wangu na mjukuu wetu mwenye umri wa miaka 12.

Mke wangu ana ugonjwa wa pumu. Siku nyingine hulala vizuri. Siku nyingine kifua humbana usiku, akawa anavuta pumzi kama mtu aliyefungwa kamba. Kwa sababu hiyo nilimnunulia mjukuu wangu simu ndogo, hizi zinazoitwa kitochi. Nilimwambia, "Simu hii si ya mchezo. Ni ya kunipigia mimi kama bibi yako akizidiwa na mimi sipo." Akajibu, "Sawa, Babu."

Kila Jumamosi nilikuwa nikiweka vocha ya shilingi 1,000 katika simu ile. Niliona fedha hiyo inatosha. Mtoto hana biashara, hana mchumba. Atampigia nani?

Lakini kila katikati ya juma mtoto alikuwa akisema, "Babu, salio limeisha." Nikamwuliza, "Unaongea na nani?" Akasema, "Siongei na mtu." Mimi sikusadiki. Nilisema moyoni, watoto wa siku hizi wana mambo yao.

Siku moja, Jumatano, nilikwenda Pongwe kwenye msiba wa rafiki yangu. Nililala hukohuko matangani. Usiku ule pumu ikampanda mke wangu. Mjukuu wangu akachukua simu, akanipigia. Simu haikutoka. Sauti ikamwambia kwamba salio lake halitoshi. Akajaribu tena na tena. Hakukumbuka kutuma ujumbe wa bure wa kuniomba nimpigie. Hofu humsahaulisha hata mtu mzima, sembuse mtoto.

Akatoka nje bila viatu, akagonga mlango wa jirani. Jirani yetu, Mungu ambariki, akatafuta bajaji, wakampeleka mke wangu Hospitali ya Bombo. Huko akapewa hewa na dawa. Alfajiri alikuwa anaweza kusema.

Niliporudi asubuhi nikaelezwa habari yote. Badala ya kumshukuru mtoto, nikamgeukia kwa hasira. Nikasema mbele ya jirani, "Wewe ni mwongo. Umekula vocha, na bibi yako alikuwa afe." Nikamnyang'anya simu. Mtoto hakujibu neno. Siku ile hakula chakula cha mchana, wala cha jioni.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipokosea. Nilihukumu kabla ya kusoma.

Jioni ile nilikaa chini ya taa nikiwa na simu ya mtoto mkononi. Nilitaka kujua alikuwa akimpigia nani. Nikafungua orodha ya simu zilizopigwa. Nikakuta namba yangu peke yake. Nikashangaa. Basi nikafungua ujumbe, nikavaa miwani, nikaanza kusoma mmoja mmoja.

Ujumbe ulikuwa mwingi, na wote ulitoka katika namba mbili fupi. Namba hizo zilikuwa na tarakimu tano tu, na zote zilianza na 15. Nikarudi nyuma mpaka nikafika kwenye ujumbe wa kwanza kabisa. Ulikuwa wa miezi mitatu iliyopita. Ulisema hivi: "Mshabiki! Pata habari moto za timu yako kila siku. Jibu 1." Bei haikutajwa. Chini yake nikaona jibu la mjukuu wangu. Alikuwa ameandika 1.

Nilifahamu mara moja. Mjukuu wangu anaipenda sana Coastal Union, timu yetu ya Tanga iliyotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1988. Timu ikicheza uwanja wa Mkwakwani, yeye hukaa karibu na ukuta asikilize kelele. Ameulizwa kama anataka habari za mpira. Mtoto gani angekataa?

Baada ya jibu lake ulikuja ujumbe mwingine. Huu ulisema kwamba amejiunga, kwamba atatozwa shilingi 150 kwa siku, na kwamba akitaka kujiondoa atume neno ONDOA. Bei ilitajwa baada ya mlango kufungwa.

Namba ya pili ilikuwa ya vichekesho. Hiyo ilitoza shilingi 100 kwa siku. Nilipomwuliza mtoto, alisema siku moja maandishi yalitokea yenyewe kwenye kioo cha simu. Yalikuwa na neno "Sawa". Akabonyeza ili yaondoke. Kumbe kubonyeza kule ndiko kujiunga.

Nikachukua kalamu nikafanya hesabu. Shilingi 150 na shilingi 100 ni shilingi 250 kwa siku. Jumamosi nimeweka vocha ya shilingi 1,000. Jumamosi hiyohiyo zimekatwa 250. Jumapili 250. Jumatatu 250. Jumanne 250. Jumatano hakuna kitu. Mke wangu aliugua Jumatano.

Nikaendelea kuhesabu. Majuma manne ni shilingi 4,000. Miezi mitatu kwa hesabu hiyo ni shilingi 12,000. Hizo ni pancha 24. Nilikuwa nimepiga magoti juani na kuziba pancha 24 kwa ajili ya vichekesho ambavyo hakuna mtu nyumbani kwangu aliyevicheka.

Nilimwita mjukuu wangu. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, nisamehe. Wewe si mwongo. Mimi sikusoma." Akaniuliza, "Babu, sasa nani amekula fedha?" Nikamweleza. Alisikiliza, kisha akasema, "Mimi nilidhani ile moja ni bure." Usiku ule alikula. Kesho yake nilikwenda kwa jirani, nikasema mbele yake kwamba mtoto hakuwa na kosa. Nilimwaibisha hadharani, kwa hiyo ilinipasa kumsafisha hadharani.

Jambo hili lilinikumbusha marehemu baba yangu. Baba alikuja Tanga zamani za utawala wa Mwingereza kuwa kibarua katika shamba la mkonge. Vibarua walioletwa kutoka mbali kwa mkataba waliitwa manamba. Baba hakujua kusoma. Aliletewa karatasi, akashikwa mkono, akatia dole gumba. Baadaye ndipo alipojua amekubali nini. Alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Mshahara aliupata kipande kilipojaa, si kabla. Mara nyingi alituambia, "Dole langu lilisema ndiyo, na mimi sikuwapo."

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yakafunguliwa kila mahali. Mimi niliingia darasa la jioni kijijini Tongoni mwaka 1974. Nilikuwa kijana wa miaka 16 ambaye hakupata nafasi shuleni. Mwalimu wetu alikuwa akituambia kwamba mtu anayejua kusoma hawezi kutiishwa dole kwa jambo asilolijua. Niliyashika maneno hayo. Kwa miaka mingi nilijivuna kwamba mimi si kama baba. Kila karatasi niliisoma kwanza.

Lakini nilisahau kwamba karatasi zimebadilika. Siku hizi karatasi ipo ndani ya simu, na mtoto akigusa kitufe kimoja ametia dole gumba.

Tena dole lenyewe ni langu. Kuanzia Mei 1, 2019 laini za simu hapa Tanzania zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya Kitambulisho cha Taifa. Mtoto hana kitambulisho hicho. Laini anayotumia mjukuu wangu niliisajili mimi, kwa kidole changu. Kwa hiyo akibonyeza yeye, nimekubali mimi.

Siku iliyofuata nilituma neno ONDOA kwa ile namba ya mpira. Ikajibu kwamba nimeondolewa. Ile ya vichekesho haikuandika neno la kujiondoa. Basi nikapiga 100, namba ya huduma kwa wateja. Nilisubiri kwa muda mrefu nikisikiliza muziki. Mwishowe akapokea binti mmoja. Akasema, "Shikamoo, mzee." Nikamweleza yote. Nikamwomba aangalie huduma zote zilizofungwa kwenye laini ile, azifute, na azuie nyingine zisiingie.

Alizifuta. Lakini kuhusu fedha alisema kwamba zilikatwa kwa sababu mteja alikubali. Nikamjibu kwa upole, "Binti yangu, aliyekubali ana miaka 12. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Mwenye laini ni mimi, na mimi sikuulizwa." Akanyamaza kidogo. Kisha akaandika lalamiko langu na kunipa namba yake. Niliinakili kwenye daftari langu la pancha. Baada ya siku tisa zilirudishwa shilingi 2,000. Hazikurudi zote, lakini nilifurahi. Kama ningenyamaza, isingerudi hata moja.

Msidhani kwamba jambo hili hutupata sisi tu kwa sababu ni watu wadogo. Mwaka 2005 huko Uingereza ulivuma mlio wa simu wa chura aitwaye Crazy Frog. Watoto walidhani wananunua mlio mmoja, kumbe wengi walikuwa wamejiunga na huduma ya kulipia kila wiki. Wazazi walilalamika sana. Na mwaka 2014 huko Marekani kampuni ya simu ya AT&T ilikubali kulipa dola milioni 105. Serikali ilikuwa imedai kwamba wateja walitozwa fedha za huduma za watu wengine, huduma ambazo hawakuziomba. Wale waliosoma hesabu zao na kulalamika ndio walioifikisha habari mahali pake.

Sasa nyumbani kwetu tumeweka utaratibu. Kila jioni mjukuu wangu hubonyeza *102# kuangalia salio, na kuliandika kwenye daftari. Salio likipungua bila kupiga simu, ananiambia siku hiyohiyo, na mimi simwulizi kwa ukali. Ujumbe wowote unaosema "Jibu 1" au "Hongera" hatujibu mpaka tuusome wote wawili. Maandishi yakitokea yenyewe kwenye kioo, habonyezi "Sawa". Anatafuta kitufe cha kukataa au kurudi nyuma. Mimi nami nilibonyeza *106# kuangalia laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Nilitaka kujua kama kidole changu kipo mahali pengine nisipopajua.

Tumejifunza pia kwamba namba ya dharura, 112, hupigwa hata kama hakuna salio. Na kama kampuni ya simu haikusikilizi baada ya kuilalamikia, unaweza kupeleka lalamiko lako kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA. Weka tarehe, namba fupi iliyokukata, kiasi kilichokatwa, na namba ya lalamiko uliyopewa. Mambo hayo manne yakiandikwa, hakuna atakayesema hukumbuki vizuri.

Mke wangu hajambo. Jumatano ile hatuisemi mara nyingi, lakini hatujaisahau. Juzi usiku kifua kilimbana tena kidogo, nami nilikuwa kwa jirani nikicheza bao. Simu yangu ikalia. Nikasikia sauti ya mjukuu wangu, tulivu kabisa: "Babu, njoo." Nikaja.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini salio la simu ya mtoto lilikuwa likiisha kila katikati ya juma?
2. Babu alikosea wapi? Alifanya nini kurekebisha kosa lake?
3. Huduma moja inakata shilingi 150 kwa siku. Itakata shilingi ngapi kwa siku 30?
4. Chukueni simu zenu. Someni pamoja ujumbe uliotoka katika namba fupi. Je, kuna huduma inayowakata fedha ambayo hamkuiomba?